Sistimu Ikikataa, Anayetukanwa ni Keshia

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya benki moja tao, watu kama thelathini mbele yangu, keshia akainua macho akasema lile neno tunalolijua sote: sistimu imekataa. Mama mmoja aliyekuja kulipa karo akamrukia kwa maneno, utadhani ni huyo msichana aliyeiunda. Msichana hakujibu. Alibofya kitufe kile kile tena na tena. Manze, ni rika letu tu huyo.

Jioni nikampigia beshte yangu tuliyeanza naye chuo (yeye alimaliza, mimi nikachomoka, hiyo ni stori ya siku nyingine). Anafanya kazi benki tofauti. Nilidhani ataniambia wafanyakazi wanachukia sistimu hizi kwa sababu zinatoka nje. Wapi! Hajali imetoka wapi, bora isimwaibishe mbele ya wateja.

Na kweli nyingi zinatoka nje. Programu kuu ya benki, ile inayotunza akaunti na kuhesabu riba, Equity hutumia Finacle ya Infosys kutoka India. KCB imetumia T24 ya Temenos, kampuni ya Geneva, Uswisi. Si aibu. Kujiundia yako kutoka sufuri ni gharama na ni hatari.

Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis aliandika kwamba mtu hukubali teknolojia akiona itamsaidia kazini na haitamsumbua kuitumia. Mimi ningeongeza la tatu: ikiharibika, nani atalaumiwa?

Tazama Uingereza. Aprili 2018, benki ya TSB ilihamia mtambo ulioundwa na kitengo cha teknolojia cha Sabadell, benki ya Uhispania iliyokuwa ikiimiliki. Wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu, Paul Pester, akaondoka Septemba, na Desemba 2022 TSB ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Shida haikuwa Uhispania; mtambo haukuwa tayari. Sasa jiulize ni nani aliyekuwa akipokea simu za wateja wiki hizo.

Kwa kina beshte yangu, sistimu mpya ilikuja ikiwa imeshaamuliwa. Mafunzo yakawa Jumamosi mbili, mkufunzi akipitisha kurasa mbio mbio. Jumatatu, mteja wa kwanza anaishi nyuma ya kanisa Githurai, na sistimu inataka nambari ya nyumba na jina la barabara, la sivyo haisongi. Hakuna aliyekuwa amewauliza watu wa kaunta lolote. Waliponung'unika, wakubwa wakasema wanaogopa teknolojia. Watu wanaotuma pesa kwa simu wakiwa wamefunga macho, ati wanaogopa teknolojia!

Kilichowaokoa ni daftari. Keshia mmoja alianza kuandika kila njia ya mkato aliyogundua: ukikwama hapa jaza hivi, usibofye hiki kabla ya kile. Likazunguka kaunta hadi kaunta, kila mtu akiongeza yake. Sasa wako kwenye daftari la pili, na mwajiriwa mpya akiingia, hapewi kitabu cha mwongozo kwanza, anapewa hilo. Bado hakuna mkubwa aliyeliomba alisome.