Michezo ya Kicheni Pati: Mwali Naye Apate Nafasi ya Kuuliza

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Mavuno yakishaingia nyumbani na watu wakipata senti mbili tatu, kadi za michango huanza kutembea. Kuna kadi ya harusi, kuna ya kumuaga binti kwa wazazi wake, na kuna ya kicheni pati, yaani ile sherehe ya akina mama ya kumfunda bibi harusi na kumpa vyombo vya kuanzia maisha. Akina mama wa kamati huhangaika na turubai, viti, chakula na rangi ya vitenge. Lakini ukiwauliza siku hiyo watafanya nini, jibu huwa fupi: tutakula, tutacheza muziki, tutatoa zawadi, na mama fulani atatoa nasaha. Wiki hii nataka tuzungumzie michezo ya kicheni pati. Wengine wataliona ni jambo dogo. Mimi nasema michezo ikichaguliwa vizuri hufundisha kuliko hotuba.

Kwanza tukumbuke sherehe hii ilikotoka. Pwani, binti alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akafundwa ndani, mlango umefungwa, kwa ngoma, kwa mafumbo na kwa vitendo. Huku kwenye Maziwa Makuu kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Waganda humwita ssenga, na jina hilo lina heshima yake hadi leo. Kicheni pati ilienea katika miji yetu, Dar es Salaam hasa, katika miaka ya 1990. Ilichukua kidogo kutoka kwa kungwi na kidogo kutoka ng'ambo, ambako marafiki wa bibi harusi hukutana kumpa zawadi na kucheza. Lakini kungwi alikuwa na muda. Alimuuliza binti, binti akajibu, akakosea, akarudia mpaka akaweza. Kicheni pati ni ya mchana mmoja. Katika mchana huo mwali huketi kwenye kiti kilichopambwa, kichwa kimeinama, akisikiliza watu kumi wakimwambia neno moja: vumilia.

Hapa Benaco jambo hili lina uzito wa pekee. Mahali petu penyewe pamepewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku mbili hivi, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na jina Benaco likasikika duniani kote. Kambi ilifungwa Desemba 1996. Barabara ikabaki, na mji ukakua pembeni yake. Leo Mhangaza na Mshubi wanaishi jirani na Mhaya, Msukuma, Muha na Mzinza, na magari makubwa yanapita usiku na mchana kwenda Rwanda na Burundi. Binti anayeolewa hapa mara nyingi shangazi yake yuko mbali, Biharamulo, Kibondo au Sengerema. Waliobaki kumfunda ni majirani, na majirani hao kila mmoja ana mila yake. Mchezo ndio unaowafanya wote wawe shangazi zake kwa siku moja.

Sasa tuingie kwenye michezo yenyewe. Nitaeleza mitano. Hakuna hata mmoja unaohitaji fedha. Andaa ungo, kanga chache, mwiko, na kilo moja ya maharage.

Mchezo wa kwanza ni wa kuchangamsha, nao ni kutambua kwa pua na vidole. Weka kwenye ungo vitu vilivyofungwa katika vikaratasi: hiliki, mdalasini, binzari, tangawizi iliyosagwa, chumvi, amira, unga wa muhogo, unga wa mtama, unga wa ulezi. Mchezaji anafungwa kanga machoni, ananusa au anapapasa, anataja. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumfunga macho bibi harusi peke yake, watu mia moja wakimcheka kila anapokosea. Huo si mchezo, ni mtihani wa hadharani. Wafungwe watatu kwa pamoja: mwali, rafiki yake, na mama mmoja kutoka upande wa mume. Mama huyo naye atakosea, na kicheko kitakuwa cha wote. Binti akishamwona mtu wa ukweni anachanganya amira na chumvi, hofu yake ya ukweni inapungua nusu.

Mchezo wa pili ni wa kanga. Huko Marekani makundi hushindana kumvisha mwenzao gauni la karatasi za chooni. Sisi tunayo kanga, ina kazi zaidi na haitupwi. Gawa watu katika makundi mawili, kila kundi lipewe kanga moja. Kila kundi kwa zamu lionyeshe kazi moja ya kanga ambayo haijaonyeshwa: kujifunga, kumbeba mtoto, kupiga kata ya kubebea ndoo, kushikia sufuria ya moto, kufunga maharage ya sokoni, kumfunika mgonjwa. Linalorudia kazi iliyokwisha kuonyeshwa limeshindwa. Utashangaa jinsi bibi kizee aliyekuwa amekaa kimya pembeni anavyosimama katikati ya uwanja na kuwafundisha wasichana wa mjini.

Mchezo wa tatu ni vitendawili. Hapa Benaco tuna bahati, kwa sababu kila jirani anaujua kwa lugha yake. Mswahili anaita "Kitendawili!" na anajibiwa "Tega!" Mnyarwanda anaita "Sakwe sakwe!" na anajibiwa "Soma!" Mrundi anaita "Sokwe!" na anajibiwa "Niruze!" Kwa hiyo kila mtegaji aite kwa lugha ya kwao, na ukumbi wote ujifunze kumjibu. Vitendawili viwe vya nyumbani. Nyumba yangu haina mlango: yai. Ndugu watatu wamebeba mzigo motoni, mmoja akiondoka mzigo unamwagika: mafiga. Wakishindwa kutegua, watoe mji, kama ilivyo desturi. Mtegaji akipewa Ngara anakataa, akipewa Mwanza anakubali, anajisifu kidogo alivyoutawala mji wake, ndipo anataja jibu. Kitendawili cha mafiga kikishateguliwa, mwongozaji amuulize mwali: na wewe mafiga yako matatu nyumbani ni yapi? Asikilizwe anavyojibu. Hakuna jibu lililokosewa hapo.

Mchezo wa nne ndio mkubwa, na ninashauri upewe muda kuliko yote. Tuuite Kapu la Wiki. Gawa watu katika makundi manne, mwali awe katika mojawapo. Kila kundi lipewe punje 40 za maharage. Hizo ndizo fedha za nyumba kwa wiki moja. Mwongozaji asome bei: unga punje 8, maharage 6, mkaa 5, mafuta 4, dagaa 4, sukari 4, sabuni 3, mboga 2, nauli 2, vocha ya simu 2, chumvi 1. Ukijumlisha utapata 41, nao wana 40. Yaani kabla ya lolote kutokea, tayari kuna kitu cha kuacha. Makundi yakae dakika kumi, yanunue, yaweke akiba kama yakiweza.

Halafu mwongozaji alete habari. Jumatatu usiku mtoto ameshikwa na homa: punje 6. Jumatano mama mkwe amefika, atakaa siku mbili. Ijumaa mume, ambaye ni dereva, anapiga simu kwamba gari limekwama mpakani na fedha zitachelewa wiki nzima. Kila kundi lieleze linafanyaje. Hapo ndipo utasikia mambo ambayo hayasemwi kwenye hotuba yoyote. Mama mmoja atasema aliacha sukari tangu mwanzo. Mwingine atasema anakopa dukani, na mwenzake atamuuliza: utalipa na nini? Wa tatu ataeleza jinsi chama chao cha kuweka na kukopa kilivyomwokoa. Wa nne atauliza swali ambalo wengi huliogopa: je, mume mwenyewe anajua bei ya unga? Mwali anasikia hesabu ya nyumba kutoka kwa watu wanaoifanya kila siku, na yeye mwenyewe ameshika maharage mkononi, anaamua pamoja nao. Mchezo ukiisha, maharage yanakwenda chunguni.

Mchezo wa tano unaitwa Kweli au Si Kweli. Mwongozaji anasoma sentensi, anayesema ni kweli anasimama, anayesema si kweli anabaki amekaa. Sentensi zitoke katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo wengi wetu tunaishi chini yake bila kuisoma.

Wazee wakishapokea mahari, binti hana ruhusa ya kukataa tena. Si kweli. Sheria inataka kila mmoja akubali kwa hiari yake.

Mahari isipomalizika kulipwa, ndoa si halali. Si kweli. Ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatilishwi kwa kasoro ya mahari.

Mume anaruhusiwa na mila kumpiga mkewe kidogo, kwa kumrekebisha. Si kweli. Kifungu cha 66 kinasema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Na hapo mke naye amo.

Nyumba ya ndoa ikiwa ni ya mume, anaweza kuiuza bila kumwambia mkewe. Si kweli. Kifungu cha 59 kinadai ridhaa ya mwenzi.

Mke asiye na mshahara hana lake katika mali ya nyumba. Si kweli. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuipata mali.

Usishangae katika sentensi ya tatu ukiona nusu ya ukumbi imesimama. Usiwacheke. Waliosimama wanasema waliyoyaishi. Lakini mwali ameona, na wasichana waliokuja kusaidia kugawa soda nao wameona na kusikia sheria inasema nini. Mchezo huu haumgombanishi mtu na mumewe. Anayejua mpaka wa shamba lake hagombani na jirani kila msimu.

Mwisho kabisa, kabla ya zawadi, upitishwe mwiko. Ngoma ipigwe, mwiko uzunguke mkono kwa mkono, ngoma ikinyamaza aliyeushika atoe neno moja kwa mwali. Kuna masharti mawili. La kwanza, aseme jambo ambalo yeye mwenyewe amelifanya, si alilolisikia. La pili, anayesema "vumilia" alipe faini ya wimbo, isipokuwa aeleze: avumilie nini, na mpaka lini? Kuvumilia mvua inayovuja wakati bati halijanunuliwa ni busara. Kuvumilia uji usio na sukari ni maisha. Kuvumilia kipigo si busara wala si maisha, na mama anayempeleka binti ukweni na neno hilo tupu amemfungia mlango wa kurudi kuomba msaada. Kisha mwiko ufike kwa mwali mwenyewe. Yeye hatoi nasaha. Anauliza swali moja, lolote, na wakubwa wanamjibu.

Kuna mambo ya kuepuka. Zawadi zisitangazwe kwa kipaza sauti kwamba fulani kaleta jokofu na fulani kaleta vikombe sita. Ziwekwe kwenye kapu moja zikiwa zimefungwa. Aliyekuja na kibakuli naye atashika mwiko na kusema neno, na huenda neno lake likadumu kuliko jokofu. Michezo ya kumpaka mwali unga, kumlazimisha kunywa pombe, au kumuuliza ya chumbani mbele ya watoto, iachwe. Yale ya chumbani yana mahali pake, na kungwi alijua kwa nini alifunga mlango. Simu za kupiga picha ziwekwe mkobani wakati wa mafundisho. Picha ikishatoka hairudi.

Akina mama wa kamati, mtasema muda hautoshi. Punguzeni hotuba mbili, muda utapatikana. Mtasema wageni wamezoea muziki. Muziki upo, na mwiko hauzunguki bila ngoma. Lakini siku ya kicheni pati ni mojawapo ya siku chache ambazo binti anazungukwa na wanawake wengi wenye uzoefu, wote wakiwa upande wake. Asiondoke hapo na sufuria tu. Aondoke akijua mlango wa nani atabisha hodi siku mambo yatakapomzidi, na kwamba akibisha, hataulizwa kwa nini hakuvumilia.