Si Kila OK Ni Sawa

Herufi o.k. zilichapishwa kwa mara ya kwanza inayojulikana katika gazeti la Boston Morning Post, Machi 23, 1839. Wakati huo waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa tahajia iliyoharibiwa makusudi. All correct, yaani yote ni sahihi, likawa oll korrect, kisha o.k. Walikuwa pia na o.w., ufupisho wa oll wright. Huo ulikufa. OK iliokolewa na siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, aligombea tena urais, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook. Herufi za jina hilo zikalingana na zile za gazetini. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, neno likabaki.

Asili hiyo ilithibitishwa na mwanaisimu Allen Walker Read katika makala alizotoa mwaka 1963 na 1964. Kabla yake wengi waliamini neno limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa Marekani, na Rais Woodrow Wilson aliliandika okeh kwa imani hiyo.

Linalonishughulisha zaidi ni kazi ya neno hili mdomoni. OK hupitisha jambo bila kulisifu. Mmarekani akiulizwa juu ya chakula akajibu kwamba kilikuwa OK, mpishi hana cha kujivunia. Sisi tungesema kinalika. Bosi akitia OK kwenye ombi la likizo, ameidhinisha, hata kama moyoni hakupenda. Mwalimu akiingia darasani na kutamka OK, hajakubali lolote. Anawataka wanafunzi wanyamaze waanze kazi. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka katika chombo cha anga cha Apollo 13, mwanaanga Jack Swigert aliwaita waongozaji wa safari waliokuwa Houston kuwaarifu kuna tatizo, na neno lake la kwanza lilikuwa OK. Hakuna kilichokuwa sawa pale. Alikuwa anawaambia wasikilize.

Ndiyo maana huumia ninapoona maandishi ya Kiswahili chini ya filamu yakigeuza kila OK kuwa sawa. Sawa ni neno lenye mizani ndani yake: haki sawa, mgawo sawa, uzito sawa. Ukisema sawa umepima, na pande mbili zimelingana. OK haipimi. Neno letu lililo karibu nayo zaidi ni haya. Mama akisema, "Haya, tuondoke," anaanzisha safari. Akisema, "Haya, lala salama," anafunga mazungumzo. Na mzee aliyechoka kubishana akishusha sauti na kusema, "Haya bwana," kila aliyepo anajua hajakubaliana na neno hata moja. Lakini haya nalo halifiki kila mahali. Huwezi kumjibu daktari anayekuuliza hali yako kwa haya.

Kwa hiyo mfasiri hana neno moja la kulitegemea. Ana haya, sawa, vyema, si haba, kinalika, nimekuelewa, ruksa, na wakati mwingine kukaa kimya kunatosha, kwa kuwa muigizaji amekwisha kutikisa kichwa na mtazamaji ameona. Hiyo ni kazi kubwa kwa herufi mbili, na najua wafasiri wengi hulipwa kidogo na kuharakishwa sana. Hata hivyo tafsiri ya mkato inatuachia Kiswahili kigumu ambacho hakuna anayekizungumza, na watoto wanaokisoma kila jioni wanakiokota. Siku hizi nasikia mtu akijikwaa barabarani, na anayemkimbilia anauliza, "Uko sawa?"

Wafasiri wa filamu, nawaomba: mtu akianguka kwenye ngazi, aulizwe kama ameumia.