Zimwi wetu ni mali, tuanze kwa kumwandikisha

Ni nadra kumpata mtu mzima wa Msambweni au Kinondo, hapa Kwale, asiyemjua Sungura mjanja, Fisi mlafi na Zimwi anayekula watoto wasiosikia. Kwa wafanyabiashara wa filamu za katuni, wahusika wa namna hii ni mtaji. Swali ni nani ataandikwa kuwa mwenyewe.

Mtaji huo una hatari zake. Mwaka 2012 DreamWorks Animation ya Marekani ilitoa Rise of the Guardians, filamu iliyowaweka pamoja Baba Krismasi, Sungura wa Pasaka na wenzao wa hadithi za watoto wa Magharibi. Iligharimu takriban dola milioni 145, ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 kwenye majumba ya sinema, na bado ikaitia kampuni hasara, maana wenye majumba hukata fungu lao na matangazo hula mamilioni mengine. Mwaka uliofuata mamia ya wafanyakazi walipunguzwa.

Kwale haina haja ya kufuata njia hiyo. Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo kijana wa Ukunda anaweza kuipakua bila kulipa hata senti. Kinacholiwa hapa ni muda. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ni picha 129,600. Sungura akiruka kichaka, mchoraji huanza na mikao mikuu: amejikunyata, yuko hewani masikio yakiwa nyuma, ametua. Halafu hujaza mikao ya katikati, mmoja baada ya mwingine, mpaka mruko uwe na uzito. Hiyo ni kazi ya mishahara, na kaunti ambayo mgodi wake wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024 inahitaji kazi kama hiyo.

Majirani wametangulia. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 2010, ilichorwa Nairobi na vijana wa studio ya Homeboyz. Ilithibitisha kwamba mikono ipo, lakini aliyeagiza kazi alikuwa kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect. Dar es Salaam, watengenezaji wa katuni wa Ubongo walishika njia nyingine: wahusika wa Ubongo Kids na Akili ni wao wenyewe, na huwatoa kwa lugha nyingi. Kampala, Raymond Malinga na studio ya Creatures Animation walimchukua Kalabanda, dubwana la kuwatisha watoto wa shule, wakamfanyia filamu fupi mwaka 2017. Mwaka 2023 Malinga alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi wa Disney+, pamoja na Mkenya Ng'endo Mukii. Kwangu mimi mfano wa Kampala ndio unaotufaa zaidi: dubwana moja la nyumbani, filamu fupi, kisha mlango ukafunguka.

Ila Malinga hakuhitaji kuomba ruhusa ya kaya. Hapa kwetu hadithi nyingi zimefungamana na kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na si kila jambo la kaya ni la kuonyeshwa mgeni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inazitambua jamii kuwa wenye mali hiyo, na inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Mwekezaji akifika Diani na mkataba mkononi, rejista ndiyo itakayosema alipe nani na asiguse nini.

Wazee wanaozijua ngano za Kidigo na Kiduruma kwa ukamilifu wanapungua kila mwaka. Kaunti ya Kwale itume vijana wenye vinasa sauti kwao sasa, ngano ziandikwe kwa jina la jamii, na wazee walipwe kwa muda wao kama anavyolipwa fundi yeyote.