Kwa Nini Nyumba ya Tembe Ina Joto

Nchi ya juu ya Mbulu ni nchi ya baridi. Mahali pengine hupita meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai ukungu hulala bondeni hata jua lipande. Watu wakaao chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, nao huijua baridi hiyo ya usiku.

Zamani Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walijenga nyumba zilizoifaa nchi hiyo. Walichagua mteremko wa kilima, wakachimba upande wa nyuma hata ukuta mmoja ukawa ni udongo wa kilima chenyewe. Wakasimamisha nguzo nene zenye panda, wakalaza boriti juu yake, kisha fito, kisha majani, na juu ya yote wakashindilia udongo. Paa lilikuwa bapa, karibu sawa na ardhi ya nyuma, hata adui waliokuja kuteka ng'ombe hawakuiona nyumba upesi. Usiku ng'ombe walilala ndani, na joto la miili yao likawafaa watu.

Je, joto hilo lilikaaje ndani? Fanya jaribio hili. Asubuhi ya baridi chukua jembe lililolala nyumbani; mkono mmoja ushike chuma, na wa pili ushike mpini. Chuma utakiona baridi kama maji ya mto, lakini mpini sivyo. Walakini vyote viwili vimelala pamoja usiku kucha, na joto lao ni sawa. Tofauti ni hii: chuma hunyang'anya mkono joto lake upesi, bali mti hulichukua polepole. Kipande cha chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko kipande cha mti kilicho sawa nacho kwa ukubwa. Sababu ni kwamba ndani ya mti mna vyumba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Mti ukikauka, vyumba hivyo hujaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Udongo si hodari kama mti kwa kazi hiyo, lakini ukiwa mnene hupata joto polepole na kupoa polepole.

Siku hizi wengi wetu huezeka kwa mabati. Bati lina faida: halivuji, wala halitaki kushindiliwa udongo baada ya mvua. Lakini ni chuma chembamba. Jua likitua, joto la jikoni hutoroka juu, na mama huongeza kuni. Kuni hizo zatoka wapi? Zatoka katika miti, na miti ndiyo ishikayo udongo wa miteremko na kutunza chemchemi, kama ifanyavyo katika msitu wa Nou. Basi nyumba isiyotunza joto hula msitu kila usiku.

Dawa yake si kurudi kulala na ng'ombe, wala kukaa katika moshi, maana moshi huumiza macho na mapafu. Dawa ni kuitia akili ya wazee katika nyumba mpya. Kwanza, upe moshi njia yake ya kutokea. Kisha, chini ya mabati piga dari ya mbao zilizokauka vema, ukiacha nafasi ya hewa katikati, na uzibe nyufa za paa na kuta.

Wala usidhani kuwa mti ni wa vibanda tu. Huko Norwei, nchi ya theluji, mwaka 2019 katika mji wa Brumunddal lilimalizwa jumba la ghorofa 18, lenye urefu wa zaidi ya meta 85. Nguzo zake na boriti zake ni mbao zilizounganishwa kwa gundi.

Lakini ajengaye kwa mti na apande mti. Nguzo hukua miaka mingi, na shoka huiangusha kwa muda mfupi. Mtoto apandaye mche leo na kuutunza, atakuta boriti siku atakapojenga nyumba yake.

Maswali
1. Kwa nini chuma cha jembe huonekana baridi kuliko mpini?
2. Taja faida moja ya bati na hasara yake moja.
3. Nyumba yenu hupotezea wapi joto usiku?