Mkokoteni wa Kubebea Roboti: Mambo ya Kuangalia

Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika kwa mkokoteni anajua ya kwamba maziwa hayaharibiki zizini tu. Ng'ombe amelishwa vizuri, amekamuliwa kwa usafi, mikebe imefunikwa. Kisha gurudumu moja laingia shimoni, na kazi ya asubuhi nzima yamwagika njiani.

Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa shule wanaotengeneza roboti. Roboti ni mashine inayokwenda kwa umeme na kufuata maagizo iliyoandikiwa. Siku hizi shule nyingine hapa Kenya zina vilabu vya kazi hiyo, na mzazi aweza kuombwa asaidie kutengeneza mkokoteni wa kuibebea. Inafaa basi kujua mkokoteni huo uwe wa namna gani. Tutachukua mfano wa mashindano makubwa ya Marekani, kwa sababu huko sheria za mkokoteni zimeandikwa wazi.

Mashindano yenyewe

Chama cha FIRST kilianzishwa mwaka 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa mitambo, katika jimbo la New Hampshire. Mashindano yake ya kwanza ya shule za sekondari yalifanywa mwaka 1992, nayo yalikuwa na vikundi 28. Leo vikundi ni maelfu, kutoka nchi nyingi.

Kila kikundi hupewa mahali pa kutengenezea mashine yake, kwa kawaida futi 10 kwa futi 10. Kutoka hapo roboti hupelekwa uwanjani, hushindana kwa muda wa dakika 2 na nusu hivi, kisha hurudishwa ili ikaguliwe na kutengenezwa. Safari hiyo hufanywa mara nyingi kwa siku moja, katikati ya umati wa watu. Ndiyo sababu mkokoteni ni lazima.

Uzito si mchezo. Mwaka 2024 roboti iliruhusiwa kufika ratili 125, yaani karibu kilo 57, bila kuhesabu betri wala kinga zake za pembeni. Kinga hizo ni mbao zilizowekewa sponji na kuvikwa kitambaa. Ukijumlisha vyote, mzigo waweza kupita kilo 65. Mzigo kama huo ukimwangukia mtoto mguuni, utamvunja mfupa.

Upana na kimo

Sheria ya FIRST yasema mkokoteni upite katika mlango wa inchi 30, yaani sentimita 76. Fundi asiutengeneze kwa kipimo hicho hicho kamili, maana mikono ya mwenye kusukuma itachubuka mlangoni. Upana wa sentimita 66 unafaa. Pima pia roboti ikiwa imevaa kinga zake, kwa sababu mara nyingi huwa pana kuliko mkokoteni. Ikibidi, kinga zivuliwe kabla ya kufika kwenye mlango mwembamba.

Katika kimo ndipo watu wengi hukosea. Watoto hupenda meza ndefu, wapate kufanya kazi bila kuinama. Lakini mzigo ukiwa juu, mkokoteni hupinduka upesi. Tuseme magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana sentimita 66. Kama uzito wote, wa mkokoteni pamoja na mzigo, umekaa kwa wastani sentimita 100 kutoka chini, basi upande mmoja ukipanda juu ya kitu cha kimo cha sentimita 21 hivi, mkokoteni wote utaanguka. Ukiushusha uzito huo mpaka sentimita 50, upande huo utaweza kupanda hadi sentimita 36 kabla ya kuanguka. Mkokoteni ukiwa katika mwendo, huanguka hata mapema zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Vitu vizito, kama betri na vifaa vya chuma, viwekwe kwenye rafu ya chini kabisa. Meza ya juu ibebe roboti peke yake. Hata mwenye kupanga magunia ya mahindi hutanguliza mazito chini.

Magurudumu na breki

Magurudumu madogo ya kama yale ya meza za ofisini hayafai. Hunasa katika nyufa za sakafu na kwenye nyaya zilizolazwa chini. Chagua yenye kipenyo cha sentimita 13 au zaidi. Na kama njia ya shule ni ya changarawe, sentimita 20 ni bora. Mawili ya nyuma yawe ya kwenda mbele tu, na mawili ya mbele yawe ya kugeuka. Yakigeuka yote manne, mkokoteni huteleza upande penye mteremko na kuwashinda watoto.

Magurudumu mawili, kwa uchache, yawe na breki ya kukanyagwa kwa mguu. Breki ifungwe kila wakati mkokoteni unaposimama, hata kama ni kwa dakika moja.

Namna ya kuikalisha roboti

Usiiache roboti isimame juu ya mkokoteni kwa magurudumu yake yenyewe. Weka vipande viwili vya mbao imara chini ya fremu yake, magurudumu yake yaning'inie hewani. Hivyo, hata mtoto akibonyeza kidude kwa makosa, magurudumu yatazunguka bure na roboti haitaruka chini. Kisha ifungwe kwa mikanda miwili ya kufungia mizigo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wakati wa safari swichi kubwa izimwe na betri itenganishwe na mashine.

Kuinua ni kazi ya watu wawili au zaidi, na mmoja wao ndiye atoe amri. Wapinde magoti, wasipinde mgongo.

Sanduku la betri

Roboti hizi hutumia betri moja ya volti 12, ya risasi na asidi, iliyofungwa isimwagike, yenye uzito wa karibu kilo 6. Kwa kuwa kuichaji huchukua saa kadhaa, betri moja haitoshi kwa siku nzima. Mkokoteni uwe na sanduku lenye vyumba, kila betri na chumba chake, ili zisigongane.

Mkulima mwenye betri ya taa za jua nyumbani atazitambua hatari zake. Spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri, umeme mwingi hupita mara moja, chuma huwa chekundu na mtu huungua. Basi vichwa vifunikwe, na spana zisiwekwe kamwe katika sanduku la betri. Betri isibebwe kwa kushika nyaya zake. Ikipasuka isitumiwe tena. Asidi inyunyiziwe bikaboneti ya soda, ile ya kupikia, na mwenye kusafisha avae glavu na miwani. Mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha, kwa sababu betri yaweza kutoa hewa inayowaka.

Kila betri iandikwe namba, na kuwe na daftari: imechajiwa saa ngapi, imetumiwa lini, imeleta nguvu kiasi gani. Ni kama daftari la maziwa. Bila daftari huwezi kumjua ng'ombe anayekula bure.

Vyombo vya kuchukua

Droo moja itatosha: spana, bisibisi, koleo, msumeno wa chuma, boliti na nati za akiba, nyaya, utepe, na mita ya kupimia umeme. Kila chombo kichorewe mahali pake ndani ya droo, ili kilichopotea kijulikane mara moja. Sanduku la huduma ya kwanza, kizima moto na miwani ya kukinga macho viwekwe mahali pa wazi, si chini ya vitu vingine.

Kabla ya kuondoka, kagua haya:

1. Mikanda imekazwa.
2. Swichi imezimwa na betri imetenganishwa.
3. Vitu vizito viko chini.
4. Boliti za magurudumu hazikulegea.
5. Mtu mmoja ametangulia mbele kufungua njia.

Ukaguzi huu hauchukui hata dakika tano. Roboti ya klabu ya shule yako yaweza kuwa ndogo kuliko hizi, na mkokoteni wake ukawa mdogo pia, lakini kanuni ni zile zile. Tena mkokoteni wako wa shambani wazihitaji vile vile. Kabla hujamfundisha mtoto kukaza boliti za mkokoteni wa shule, nenda kaangalie zile za mkokoteni wako wa maziwa.