GARI LA VITI VIWILI: KUTOKA FLINT MPAKA JINJA



Gari la viti viwili si gari la mfanyakazi. Halipakii gunia la mahindi, halichukui watoto kwenda shule, wala halifai njia za mashamba ya miwa ya Kakira wakati wa masika. Ni gari la mbio na fahari. Hata hivyo, mwezi Novemba 2011, gari la umeme lililobuniwa Uganda lilipoendeshwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, lilikuwa na viti viwili tu. Jina lake ni Kiira EV. Na kiwanda cha kuiendeleza kazi iliyoanza na gari hilo kikapangiwa mji wetu wa Jinja. Kwa sababu hiyo, historia ya magari ya namna hii inatuhusu sisi wenye mikono ya kazi.

Mwanzo wake Marekani

Mwezi Januari 1953, kampuni ya General Motors ilionyesha mjini New York gari la viti viwili liitwalo Chevrolet Corvette. Tarehe 30 Juni mwaka huo, la kwanza la kuuzwa likatoka kiwandani Flint, katika jimbo la Michigan. Mwaka ule yalitengenezwa magari 300 tu, yote meupe kwa nje na mekundu ndani, na kazi nyingi ilifanywa kwa mkono. Bodi yake haikuwa ya bati. Ilikuwa ya faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi inayoganda na kuwa ngumu. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, yenye nguvu ya farasi 150.

Gari hilo nusura life likiwa changa. Mwaka 1954 kazi ilihamishiwa mji wa St. Louis, yakatengenezwa magari 3,640, lakini mengi yakakosa wanunuzi. Mwaka 1955 yalitengenezwa 700 tu. Watu walisema ni zuri kwa macho lakini mwendo wake hafifu. Lililoliokoa ni kutiwa injini mpya ya silinda nane, pamoja na bidii ya mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyeshikilia kwamba gari la mbio sharti liwe na mbio kweli. Mwaka 1963 likatoka umbo jipya lililoitwa Sting Ray, na hapo sifa yake ikaenea duniani. Mwaka 1981 kazi ikahamishwa tena, kutoka St. Louis kwenda Bowling Green, jimbo la Kentucky. Huko ndiko lilikotoka gari la milioni moja, mwaka 1992. Katika toleo la mwaka 2020 injini iliwekwa nyuma ya dereva, na mwaka 2023 ikatangazwa Corvette yenye mota ya umeme pamoja na injini ya petroli.

Jambo lisiloandikwa kwenye matangazo

Matangazo ya gari hilo huonyesha rangi na mwendo. Hayasemi kwamba mji wa Flint ulikuwa na historia nyingine, tena ya miaka 16 kabla ya Corvette. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa General Motors hapo Flint walisimamisha mashine, na badala ya kwenda nyumbani wakakaa humo humo kiwandani. Walijua kwamba wakitoka, tajiri ataingiza watu wengine. Polisi walijaribu kuwatoa kwa moshi wa kutoa machozi, wakashindwa. Wake zao na dada zao walipeleka chakula na kusimama malangoni. Baada ya siku 44, tarehe 11 Februari 1937, kampuni ilitia sahihi na kukitambua chama chao, UAW.

Kwa hiyo mafundi waliounganisha zile Corvette 300 za mwanzo walifanya kazi katika mji ambao chama kilikuwa kimekwisha kutambuliwa. Gari lilikuta haki ipo tayari. Sisi tutafakari: je, gari letu litakuta nini?

Kiira EV na ndugu zake

Kiyira ni jina la mto Nile kwa lugha za wenyeji, na Kiira ndilo jina la bwawa la pili la umeme hapa Jinja. Gari la Kiira EV lilitengenezwa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao awali walishirikiana na vyuo vya nchi nyingine katika kubuni gari lililoonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Kiira EV lilikusudiwa kwenda kiasi cha kilomita 80 kwa betri iliyojaa.

Hapa ndipo njia yetu ilipoachana na ya Wamarekani. Wao walibaki na viti viwili kwa miaka zaidi ya 70. Sisi tuliongeza viti. Mwaka 2014 likatoka Kiira EV SMACK, gari la watu watano lenye umeme na petroli pamoja. Mwezi Februari 2016 likaonyeshwa Namboole basi la Kayoola la abiria 35, lenye vibao vya kupokea nguvu ya jua kwenye paa. Baadaye likaja Kayoola EVS, basi la mjini la abiria 90, waliokaa na waliosimama, linalokusudiwa kwenda kilomita 300 kwa chaji moja. Mabadiliko hayo yana maana. Gari la watu wawili lilithibitisha ujuzi, lakini anayekwenda kazini alfajiri anahitaji basi.

Shirika la Kiira Motors liliundwa, serikali ikimiliki asilimia 96 na Makerere asilimia 4. Likapewa ekari 100 katika eneo la viwanda la Jinja, na ujenzi ukaanza mwaka 2019 chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi. Uwezo uliotajwa kwa kuanzia ni magari 5,000 kwa mwaka. Mabasi ya mwanzo yaliunganishwa Nakasongola.

Jinja imeona mengi

Mji huu haukuzaliwa jana katika kazi ya viwanda. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda: nguo za Nytil, chuma, na mtambo wa kuyeyushia shaba ya Kilembe. Baada ya wenye asili ya Asia kufukuzwa nchini mwaka 1972, vipuri vikaadimika, mashine zikanyamaza, na fundi hodari akarudi kijijini kulima. Shaba ikakoma kabisa. Wazee wetu walijifunza kwamba jengo la kiwanda haliwi kazi mpaka kuwe na malighafi, vipuri, soko na mafundi wanaotunzwa. St. Louis nayo iliona hivyo mwaka 1981: gari liliondoka, mji ukabaki.

Tujiandae namna gani?

Kwanza, ujuzi. Gari la umeme halina klachi ya kurekebisha wala oili ya injini ya kumwaga. Lina betri kubwa, mota, na kifaa cha kugeuza umeme. Umeme wake ni wa mamia ya volti, nao huua. Anayeshika kazi hiyo apewe mafunzo, glavu za mpira na vifaa vilivyokaguliwa kabla hajaguswa na hatari. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wasiachiwe kufagia tu na kubeba mizigo.

Pili, mkataba. Kibarua wa siku anayekaa miaka mitano ni mfanyakazi aliyenyimwa jina lake. Barua ya ajira iandikwe tangu mwezi wa kwanza.

Tatu, chama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ni ya mwaka 2006. Haki hizo hazibagui kama mwajiri ni tajiri wa nje, Mhindi, Mwafrika, au serikali yenyewe.

Ndugu zetu wa mashamba wasidhani jambo hili ni la watu wa mjini peke yao. Mtoto wa mkata miwa ndiye atakayekwenda kuomba kazi ya kuchomelea vyuma vya basi. Tumweleze mapema aulize mambo matatu langoni: nitafundishwa nini, mkataba wangu uko wapi, na mwakilishi wa chama ni nani? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.