Salio Limeyeyuka Namanga? Soma Hapa Kabla Hujavuka Mpaka

Leo tuongelee kitu kinacholiza wengi: simu yako ukienda nje ya nchi.

Mshikaji wangu alipanda gari Arusha kwenda Nairobi, salio elfu tano. Kufika Namanga, bado yuko upande wa Bongo, mama yake akampigia. Dakika chache tu, salio kwisha! Akajua kaibiwa. Kumbe wala.

Iko hivi. Simu haijui mpaka, inajua mnara. Pale mpakani inaweza kushika mnara wa Kenya wakati wewe hata muhuri hujagongewa. Mtandao wa Kenya unauliza wa Bongo: huyu mteja wenu? Ukijibiwa ndiyo, tayari uko kwenye romingi. Mama akipiga, simu inaenda kwanza kwenye mtandao wako wa nyumbani, halafu ndio inarushwa Kenya. Kipande cha kwanza analipa yeye, cha pili unakatwa wewe unayepokea!

Septemba 2006 Celtel (ambayo baadaye ikawa Zain, kisha Airtel) ilianzisha One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania, wateja wake wakapokea bure. Lakini si kila mtandao wala kila nchi iko hivyo. Uliza bei kabla hujaondoka.

Sasa ufanyeje?

1. Ukikaribia mpaka, ingia kwenye setingi uchague mtandao wako mwenyewe, usiiachie simu ichague. Zima na data za romingi, maana simu za siku hizi zinakula intaneti hata zikiwa mfukoni.

2. Ukifika, nunua laini ya huko. Beba pasipoti, ni lazima usajiliwe, na isiwe kwa jina la mtu wa barabarani! Simu iliyofungwa mtandao mmoja itaikataa laini ngeni, ijaribu mapema.

3. Laini ya Bongo USITUPE. Hapa ndipo wengi wanaumia: meseji za benki zenye namba za kuthibitisha zinakuja huko. Simu ya laini mbili inamaliza kazi. WhatsApp nayo iache na namba ile ile, itatumia bando la huko na mama atakupata.

4. Sevu namba zote kwa +255. Namba za 07 zipo Bongo na zipo Kenya, ukiwa Nairobi ukaanza na sifuri unamwamsha Mkenya wa watu.

Ni hayo tu wadau. Safari njema, na salio lirudi salama!